Karatasi Zisizo na Kichwa

Mama Herufi hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akipaka majina na namba kwenye mashua za bandarini, na mkono wake ulinyooka kuliko rula. Alikuwa na mazoea yake ya kazi: alipiga mistari kwanza, akapaka namba, na nafasi ya jina akaiacha tupu hadi siku ya mwisho. Wenye mashua ni vigeugeu, jamani. Leo mashua ina jina la mke, kesho wamegombana, na rangi ikishakauka ni balaa.

Kisha ikaja barabara kuu. Mkandarasi alimwaga kifusi chake chote ufukweni, mawe na mapande ya zege, pakabaki kipande cha mchanga kisichotosha kupandishia mashua hata mbili. Na mashua isiyopandishwa nchi kavu haipakwi rangi. Brashi za Mama Herufi zikaanza kukakamaa ndani ya kopo.

Watu wa ufukweni wakaunda kamati ya kudai kifusi kiondolewe na mchanga urudishwe. Mwenyekiti alikuwa kaka yake, seremala wa mashua, mtu mwenye ulimi wa asali, ambaye Mama Herufi mwenyewe alimpigia debe nyumba kwa nyumba. Yeye akawa katibu. Kwa mwandiko ule, wangemchagua nani mwingine?

Kila Jumamosi walikutana kwenye karakana ya kaka, wakakaa juu ya mbao. Mwenyekiti alichelewa siku zote, na ajenda alikuja nayo kichwani. Basi katibu akafanya kama afanyavyo kazini: akapiga mistari, akaandika namba, watu wakatia sahihi za mahudhurio, na juu ya kila karatasi akaacha nafasi ya kichwa cha habari. Mkutano ukiisha kaka alimwambia amwachie, atamalizia yeye, mdogo wake kachoka. Naye alimwachia, tena kwa shukrani. Kaka wa tumbo moja, unamkagua vipi?

Siku mitambo ilipofika, kina mama walipiga makofi, na Mama Herufi alivaa gauni lake la sherehe. Mitambo haikubeba hata jiwe. Ilikisawazisha kifusi, ikakishindilia, na kesho yake ikaja lami. Walipokwenda kulalamika, msimamizi wa ujenzi aliwafungulia faili bila hata kuinuka kitini. Ndani yake mlikuwa na karatasi kumi na moja, mistari yake, namba zake, sahihi zao, watu themanini na sita, na juu yake maneno ya taipu kwamba waliotia sahihi wameridhia ufukwe uwe maegesho ya malori.

Watu hawakumtafuta kaka kwanza. Waligeuka wakamtazama yeye, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake. Mshona maturubai, ambaye Mama Herufi alikuwa amempakia jina la mashua mara tatu bila kununa, alipita mbele yake asimsalimie. Lilimuuma hilo kuliko tusi lolote.

Wiki ya tatu kaka akabisha hodi. Alikuwa na shati jipya lenye nembo, na funguo za geti la maegesho zikining'inia kiunoni. Alitaka apakiwe kibao cha getini. Alieleza kwamba kifusi kisingeondoka hata wangelia machozi ya damu, kwamba bora hicho kuliko kukosa vyote, kwamba naye ana watoto. Alieleza sana. Mama Herufi alimsikiliza huku akisugua brashi. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alifuta mikono, akachukua karatasi, akapiga mstari mmoja na kuandika namba moja.

"Kibao nitapaka," alisema. "Tia sahihi hapa kwanza."

"Sahihi ya nini?"

"Wewe tia tu, kaka. Kichwa nitajaza baadaye."

Kaka alishika kalamu. Aliitazama ile nafasi tupu juu ya karatasi, akamtazama dada yake, akairudia tena nafasi. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Mdogo wangu, usinifanyie hivyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Wenzako themanini na sita hawakuuliza," Mama Herufi alijibu, akaenda kumfungulia mlango.