Kitovu Mwisho wa Kishamba Chetu

Kusema kweli, wale wageni hawakuwa wametukosea kitu. Tuliwachukia kabla hatujawaona, tangu nyapara aseme mzungu mwenye shamba analeta watu kutoka upande wa ziwa kubwa kuchuma maua ya pareto, na kila mama wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, atakatiwa nusu ya kishamba chake wapewe wao.

Miaka hiyo ya hamsini wengi wetu walikuwa wamebebwa na malori ya serikali kurudishwa kwao kwa ajili ya vita vya msituni, pareto inaharibika bila wachumaji. Sisi tuliobaki hapo juu ya Nakuru tukajiita wenyeji. Wenyeji gani? Babu yangu alikuja akichunga ng'ombe wa mzungu kutoka Longonot, mmoja alikuwa na pembe moja, mkali huyo, na hata Longonot hakukuwa kwao babu. Tulikaa kwa ruhusa tu. Nafikiri ndiyo maana tuliogopa hivyo.

Cheti cha ardhi hatukuwa nacho. Tulikuwa na vitovu. Mtoto akizaliwa laini, mkunga anazika kitovu chake mwisho wa kishamba cha mama yake, basi huyo ni wa hapo. Mkunga alikuwa mama yangu, na ndiye aliyewapinga wageni kuliko wote.

"Vitovu vyenu viko wapi?" aliwauliza walipofika. "Vifuateni!"

"Tukishakula, mama, tutavifuata," akajibu mmoja mwenye mimba kubwa. Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Mwanamke huyo alishikwa na uchungu mchana, katikati ya pareto. Mama akatupa kikapu, akamzalisha hapo hapo, wanawake wamezungusha leso. Kitovu kilipodondoka akakichukua, akachimba, akafukia, kama alivyozoea. Mwisho wa kishamba chetu, maana mgeni hakuwa na chake. Mkono ulienda wenyewe.

Nyapara alipoleta kamba ya kupimia, mama alisimama ndani ya mahindi. "Hapa hukati!"

Yule mwanamke akasogea, mtoto mgongoni. "Na kitovu cha huyu, mama, ulikiweka wapi?"

Mama akageukia mwisho wa kishamba. Kisha akamwambia nyapara, "Haya, anzia pale kilipo."

Hakuwapenda ghafla. Mwaka huo mahindi yetu yaliisha mapema, na kila akipita mpakani alilisema hilo kwa sauti, wasikie. Lakini mtu wa laini akisema wageni warudi kwao, mama alimgeukia: "Pamoja na yule wangu?"