Sarafu Isiyosuguliwa

Jirani yangu, fundi cherehani, hashiki sarafu kama sisi wengine. Huishika ukingoni kwa vidole viwili vilivyojaa alama za sindano, na akitaka kusema neno hugeuza uso kwanza ili mate yasiirukie. Jana alipata ile ya kale aliyoiwinda miaka sita: fedha tupu, herufi hazijalika, kila unywele wa malkia aliyechongwa juu yake unahesabika. Shemeji yake, aliyekuja kuchukua suruali, akaichungulia akacheka. “Mbona imeingia weusi? Lete majivu niisugue, ing'ae kidogo.” Alishanyoosha mkono. Fundi akamchapa kofi mkononi hata mkasi uliokuwa mezani ukaanguka. “Weusi huo ni umri wake! Ukiusugua, umeiua. Kwani mvi zako nani kazisugua?” Shemeji akanuna: mtu cherehani yenyewe ya kukanyaga, mambo ya makumbusho anayatakia nini? Fundi aliilaza sarafu kwenye kisanduku, juu ya kitambaa cha mahameli alichokipinda kingo mwenyewe, akafunga taratibu. Kisha akaivuta ile suruali, bado ina tundu gotini, akamtupia kifuani pamoja na sindano na uzi. “Maadamu mikono inakuwasha, kashone mwenyewe.”