Kafi la Wamboi

Wamboi alijifunza kupiga kafi, lile kasia fupi la mkono, katika bwawa la shamba upande wa Kitale, kwetu ambako watu wanajua mahindi kuliko maji. Jirani mmoja aliyefanya kazi Pwani miaka mingi alistaafu akaja na ngalawa, ile mashua nyembamba yenye magogo yaliyofungwa pande zote mbili isipinduke. Kwanza watu walicheka. Halafu wakaanza kupanga foleni. Baadaye watu wa Bungoma wakachonga yao, na sasa klabu ni mbili, na kila mwaka wanashindana katika bwawa lililo karibu na Naitiri. Hakuna anayelipwa. Wanaenda kuchoka tu, na kunywa chai.

Nahodha wa Kitale ni Gachanja, baba yake Wamboi. Ni mtu mpole, lakini akinuna ananuna kweli.

Mwaka huu Wamboi alipata kazi ya kuuza dawa za mifugo Bokoli, upande wa Bungoma. Kutoka huko kuja mazoezini Kitale ni mbali, kwa hivyo akaomba kuhamia klabu ya Bungoma. Baba yake alisema tu, "Nitafikiria."

Sasa hizi klabu ziko na desturi yao. Mtu akihama, nahodha wake wa zamani anachukua kafi kutoka mkononi mwake na kumkabidhi nahodha mpya, watu wote wakiona. Bila hiyo huwezi kuketi katika ngalawa ya wenzako. Wamboi, ambaye siku bila kafi kwake ni kama siku bila chai, alikuwa anangoja mkono wa baba yake.

Mimi hupita huku na huku, na kwa Gachanja huwa nalala siku mbili tatu. Nilikuwepo simu ilipolia. Alikuwa Wanjala, nahodha wa Bungoma, na simu ya Gachanja inaongea kwa sauti, kwa hivyo nilisikia mwenyewe.

"Mzee, habari njema. Wamboi tumempatia mahari huku kwetu. Kuja Naitiri umwachirie."

Gachanja akakata simu. "Ati wametoa mahari," akasema. "Kwa nani? Ni mzee gani amekaa chini na wao?"

Tangu hapo hakushika simu ya binti yake. Wamboi alipiga mpaka akachoka. Yeye alidhani baba amekasirikia kuhama kwake, akanitumia salamu, mimi anayeniita guka, yaani babu: "Guka, mwambie akikataa sitashindana na yeye. Nitakaa ukingoni niwashangilie wote."

Nikafikisha. Gachanja akatikisa kichwa. "Hata mahari hataji."

Siku ya mashindano tulikwenda watatu, Gachanja, mzee Ngige na mimi, wote na makoti na kofia, maana mambo ya mahari hayaulizwi na mtu mmoja. Wenzetu walikuwa na kaptula. Walituangalia kama watu waliopotea njia ya kwenda matanga.

"Wanjara," Gachanja akaanza, "hiyo mahari, ni kweri?"

"Kweri, mzee. Iko tayari, inamngoja."

"Nani alikubali?" Ngige akauliza.

"Sisi wote. Turipiga kura."

"Siku hizi mahari inapigiwa kura," Ngige akaniambia polepole.

"Na huko kwenu atakuwa nani?" Gachanja akauliza.

"Yeye ni wa tatu."

Gachanja akakaa chini kwa nyasi, na koti lake zuri. "Wa tatu. Na hao wengine wanasemaje?"

"Wamefurahi sana. Bibi yangu Agneta ndiye wa kwanza, na ndiye arisema aretwe haraka. Ati amechoka kufanya kazi ya watu wawiri."

Ngige akavua kofia.

Wamboi alikuwa amesimama karibu, kafi lake mkononi. Alianza kucheka, halafu machozi yakamtoka, akapiga magoti kando ya baba yake. "Baba, hakuna mtu ameoa. Ni kiti. Kiti cha tatu kutoka mbele, kwa ngalawa. Anasema mahali."

"Si ndio nimesema?" Wanjala akashangaa. "Mahari."

"Si ungesema nafasi, bana," Ngige akamwambia. "Na wewe Gachanja, hebu sema hilo neno la kiti."

"Mahari," akasema Gachanja, ambaye hajapata kuiweza L tangu azaliwe.

Tulicheka mpaka watu wa ngalawa wakaja kuona. Gachanja alipanguza macho kwa kofia. "Mimi nimekaa siku hizi zote nikijua umeondoka nyumbani," akamwambia binti yake.

"Nimehama klabu tu, baba."

Akanyanyuka. Akachukua kafi mkononi mwa Wamboi, akalifuta maji kwa koti, akampa Wanjala watu wote wakiona. "Mpe mahari pake," akasema, na safari hii hakuna aliyeuliza.

Bungoma walishinda. Gachanja alipiga kelele akimshangilia wa tatu kutoka mbele, mpaka watu wake wa Kitale wakamwambia ama anyamaze, ama na yeye atoe kafi lake ahame.