Fulana za Shemeji

Fulana haikatwi kama kitenge. Kitenge ukikikosea kinafumuka nyuzi na kukuaibisha mbele za watu, lakini fulana ina adabu zake: ukiikata inajikunja kidogo tu ukingoni, kama mtu anayevuta blanketi asubuhi ya baridi. Unaanza chini ya kwapa moja, unakwenda mpaka kwapa la pili, na hapo una vitu viwili: juu mabega na mikono, chini mfuko mpana usio na mdomo wala kitako. Huo wa chini ukiutia kamba kiunoni ni gagulo la msichana. Mkono mmoja, ukiufunga fundo upande, ni kofia ya mtoto mchanga. Pindo ukilikata utepe na kulivuta kwa nguvu linajiviringa lenyewe kuwa kamba, na kamba hizo ukizisuka una ngata ya kubebea mtungi, una mshipi, una mkoba. Mimi kwa fulana moja ningeweza kuvisha kijiji kizima, na ng'ombe wake wakabaki na skafu.

Ujuzi huo nilitoka nao kwetu Murukulazo, Ngara, ambako misheni ilikuwa ikipata marobota ya nguo kuukuu na masista wakatufundisha wasichana kuzigeuza. Nilipoolewa Biharamulo, upande wa Nyamahanga, nilikuta watu wameshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Wao Kisubi, mimi Kihangaza. Tulielewana kwa ishara, kwa kucheka, na kwa Kiswahili ambacho wote tulikuwa tunakikamata mkia.

Kiswahili chenyewe nilikisomea kwenye darasa la jioni la watu wazima, chini ya banda la kijiji, nikahitimu nikiwa ninanyonyesha. Wengine wana shahada. Yangu ilikuwa na mtoto juu yake, kwa hiyo ndiyo nzito kuliko zote mkoani.

Jirani yangu wa benchi pale darasani alikuwa mdogo wa mume wangu. Alikuwa kijana mrefu, mchezaji wa timu ya kijiji, ambaye akipiga mpira tulikuwa tunaufuata mpakani. Kusoma hakukumpenda. Alikuwa ananakili kwangu waziwazi, na mwalimu akimwuliza anasema, "Huyu ni shemeji yangu, kila kilicho chake nina haki ya kukichungulia." Darasa lilikuwa linakufa kwa kicheko. Mimi namwambia achungulie basi na kuosha vyombo.

Alikuwa na fulana tatu, utajiri wa kutisha wakati ule. Moja ya kijani, ya timu. Moja iliyokuwa nyeupe zamani za babu, ikageuka rangi ya udongo wa shambani. Na moja ya bluu, yenye maandishi kifuani ambayo hata mwalimu aliyasoma kwa kukohoa. Alizifua mwenyewe, akazianika mwenyewe, na akikukuta unazitazama kwa jicho la mkasi anakuuliza, "Shemeji, utanikata na mimi nikiwa ndani?"

Mkwe wangu, mama yao, alikuwa anakaa kizingitini anatusikiliza. Yule mama alikuwa mpanzi. Sijui niseme vipi: ukimpa kijiti cha kuchokonolea meno, asubuhi kimeota. Migomba yote ya nyuma ya nyumba zetu mpya aliipanda yeye, tangu wiki ile ile walipohamishwa, wakati wengine bado wanalilia migomba waliyoiacha kwenye makazi ya zamani. Alikuwa anasema mtu akishapanda mgomba amekwisha kuhamia.

Kisha vita vikaja. Redio ya kijiji, ambayo siku za kawaida ilikuwa inakoroma, ikaanza kusema vizuri kabisa. Mgambo wakaitwa, na shemeji alikuwa mgambo. Asubuhi ya kuondoka alikuja nilipokuwa nimekaa na mama tunachambua maharage, akanitupia fulana zote tatu mapajani.

"Kata, shemeji," akasema. "Watoto wa hapa wanatembea uchi. Mimi nakwenda kuvishwa gwanda, nitalivaa mpaka nizeeke."

Mama akamwuliza akirudi atavaa nini.

"Nikirudi ninaoa. Mke atanivisha."

"Nani atakayekubali mwanamume aliyekuja hana hata fulana?"

"Mama, atakayekubali ndiye mwenyewe."

Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika. Shemeji akainama akayaokota, akampa mkono, akaenda kupanda lori na wenzake. Wengine walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa anapunga mkono kama mtu aendaye gulioni.

Sikuzikata mara moja. Lakini nguo zilikuwa zimeadimika kuliko mvua ya kiangazi. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi siku moja, siku nyingine lina mwenye duka peke yake. Wanawake walikuwa wanajifunga magunia, na watoto wa jirani wanakwenda shule kwa zamu ya kaptura: huyu leo, yule kesho. Mama mwenyewe ndiye aliyeniletea fulana ya kijani na mkasi. Akasema mwenye mali ameruhusu, na nguo ya kukaa bure inaliwa na panya.

Basi nikakata. Na nikikata, nakata. Ile ya kijani ilitoa gagulo la binti wa jirani yetu Mwislamu na kofia mbili za watoto wachanga. Ile ya rangi ya udongo ilimvisha mtoto mmoja kuanzia shingoni mpaka magotini, na pindo lake nikalisuka ngata mbili, moja ya mke wa mwenyekiti. Vipande vidogo vidogo viligawiwa kwa wanawake kwa matumizi yetu ya kila mwezi, na hapo sisemi zaidi. Ile ya bluu nilimtengenezea mwalimu mkoba wa chaki, na sehemu ya mgongoni nikajifunga mwenyewe kichwani, kitambaa kizuri kisichoteleza hata ukibeba mlima. Kijiji kikawa kimevaa shemeji yangu. Tukikutana kisimani tunamsalimia: huyu kavaa bega, yule kavaa mkono. Mama alikuwa anapita akizitazama rangi zile kwenye miili ya watu, anatabasamu. Nilijiona fundi wa mafundi. Ilikuwa furaha, siwezi kuikana.

Vita vilipokwisha, malori yakaanza kurudi. Wetu hakuwamo katika la kwanza wala katika mengine. Siku moja mwenyekiti akaja na kijana wa kijiji cha pili aliyekuwa naye huko. Kijana yule alikaa chini kwanza, ndipo akamwamkia mama shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akasema, "Sema, mwanangu. Umekaa kama mtu mwenye mzigo." Akasema. Shemeji amekufa, yeye alikuwa karibu naye, amezikwa huko pamoja na wenzake, kwa heshima. Mama aliuliza kama alikuwa amevaa nguo nzima. Kijana akajibu ndiyo.

Sasa, kwa wakubwa wa ukoo ule, mtu aliyefia mbali haachwi hivihivi. Unakatwa mgomba, unavishwa nguo yake, nguo iliyoshika jasho lake, kisha unazikwa nyumbani kama mtu. Ndipo matanga yanakaa, ndipo watu wananyolewa, ndipo mama anapata mahali pa kutazama akitaka kulia. Nguo mpya haifai, maana haimjui mtu. Sisi tulikuwa Wakristo, na misa ilisomwa, lakini hilo nalo lilikuwa na nafasi yake. Katekista alijua, akaamua siku hiyo kwenda kutembelea wagonjwa wa mbali sana.

Mgomba ukakatwa asubuhi. Baba mdogo wa mume wangu, ndiye aliyekuwa anasimamia, akaomba nguo. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasema nitaleta. Sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia nitaviomba vipande, nitaviunga, nitawapa fulana mpya kuliko mpya. Ningeshona hata kwa unywele wangu. Nikaanzia kwa jirani Mwislamu. Alinikaribisha, akanipa pole, na nilipotaja gagulo akamvuta binti yake karibu. Alisema dini yake haina mambo ya mgomba, hayapingi wala hayaungi mkono, ila mtoto wake amelivaa gagulo lile tangu masika. Jasho la mtoto wake limo. Likiingia kaburini, anayefuata ni nani?

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa, mimi niliyehitimu, sikuwa nimeliwaza. Na alikuwa amesema kweli, kwa imani yetu wenyewe, si yake. Kama jasho linamtosha mtu kuzikwa, basi linamtosha yeyote. Nilikwenda kwa wenye kofia. Akina mama wakazikumbatia kofia na watoto wakiwa ndani. Aliyevaa ile ya rangi ya udongo alikuwa na surua wiki iliyopita tu, mama yake hata mlango hakufungua vizuri, akaniambia kupitia ufa, "Dada, niombe ng'ombe." Ng'ombe hakuwa naye, lakini nilimwelewa. Mke wa mwenyekiti aliweka ngata yake nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Mwalimu alikuwa amehamishwa na mkoba wake. Vile vipande vingine sikuviuliza.

Nilirudi mikono mitupu. Wanaume walikuwa wamekaa, mgomba umelala kwenye majani, inzi wameanza kuutembelea. Mume wangu alisema afadhali itumike shuka yoyote. Baba mdogo akakataa kwa kichwa. Hapo nikafungua kitambaa changu cha bluu, nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, chukua hiki."

Akakishika. Akakinusa, nami nikaona uso wake ukimtafuta mwanawe ndani ya kile kitambaa.

"Kina jasho la nani?" akauliza.

"La kwake. Na langu."

Mtoto wangu alikuwa mgongoni, analia njaa. Mama alimtazama muda mrefu.

"Na huyu atanyonya nani?"

Akanirudishia. Nilikazana, nikasema mimi ni mtu wa Ngara, mambo ya huku hayanijui hata yakinitafuta. Hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kaniki yake ya zamani. Ndiyo iliyokuwa mbeleko aliyombebea shemeji akiwa mchanga, kisha akawa anajifunga akienda kulima, miaka yote hiyo, mpaka ikawa nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Jasho la mwanawe lilikuwa mle, la mgongoni. Na la kwake lilikuwa limejaa.

Mume wangu akasimama. "Mama, hiyo ni yako."

"Ni yetu," akasema. "Funikeni."

Baba mdogo alimtazama, akasubiri abadili mawazo. Hakubadili. Wakauvika mgomba, wakauzika nyuma ya nyumba. Tukanyolewa. Matanga yakaisha kama yanavyoisha kila mahali, kwa watu kugombania sufuria.

Mama hakufa, kama unasubiri hilo. Aliishi mpaka kifo kikasahau njia ya kwetu. Lakini tangu siku ile hakupanda tena mgomba. Maharage alipanda, mtama alipanda, vitu vya msimu mmoja. Nilimletea chipukizi nzuri za ndizi kutoka kwetu Ngara, akazishika, akazisifu, akampa mume wangu. Nilipomwuliza alisema kwa upole kabisa kwamba mtu aliyekwisha kuwekwa chini hapandi cha miaka mingi. Alisema hivyo huku anapepeta mtama, mzima wa afya, ana nguvu za kunishinda mimi.

Na nguo alikataa. Baadaye nguo zilirudi kwa wingi. Mitumba ikamwagwa gulioni Biharamulo kama mchanga, fulana za rangi ambazo Mungu mwenyewe alikuwa bado hajazitumia. Nilikuwa nasimama mbele ya lundo lile nikiona uchungu ambao muuzaji hakuweza kuuelewa; alidhani nataka kupunguziwa. Tulichokosa siku ile ni kipande kimoja tu, kisichovaliwa na mtu mwingine, hata ukubwa wa kiganja. Ukosi. Mfuko wa kifuani. Ningekifungia tu kwenye kona ya sanduku. Hakuna aliyenikataza kukata, na mwenyewe aliniambia nikate; kila niliyemvisha alikuwa uchi kweli. Bado nikilala najikuta nakata upya kichwani, na kila mara nasaza.

Nilimshonea mama blauzi, gauni, sweta ya vipande vya fulana iliyokuwa nzuri hata baridi yenyewe ingeiomba. Kila mara alipapasa mshono, akauliza nimepitisha wapi sindano, akairudisha mapajani mwangu. "Mpe mtu wa juu, mwanangu," anasema. Mtu wa juu ya ardhi, maana yake. Sikumwona tena na nguo mpya. Alivaa zile zile mbili alizokuwa nazo, akizitia viraka mwenyewe.

Alipokufa kweli, wanawake waliokuja kumwosha wakaniomba nguo yake nzuri ya kumvisha. Nikafungua sanduku lake. Haikuwamo. Nikakaa pale kizingitini, nikachukua fulana tatu za mitumba, nyeupe, nikaziunga nikamshonea gauni la kumfika miguuni, wakati watu wakisubiri. Sikuwa na kipimo chake. Miaka yote hiyo hakuniruhusu nimpime. Nilikata kwa macho. Mikono ilizidi kidogo, nikaikunja mara moja moja.