Vipele vya Kisogoni

Neno lililoniharibia wiki tatu nzima lilikuwa "bado". Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ananisuka barazani kwake huku kijijini Rugu, kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu. Wifi huyo ana mkono mzito. Akikusuka, ngozi ya uso inavutika hadi kufumba macho inakuwa kazi. Alipofika kisogoni, vidole vyake vikasimama.

"Wifi," akasema, "hivi vipele vya shingoni bado tu?"

"Vipele gani?"

Akajifanya anatafuta kitana. Nikapeleka mkono nyuma mwenyewe, nikavigusa: vidogo, vigumu kidogo, vimejipanga pale nywele zinapoishia, kama punje za ulezi. Kumbe vilikuwapo muda wote huo, nakaa navyo kanisani benchi la mbele, na walioko nyuma yangu wanaviona kila Jumapili. Kisogo ni chako lakini wanaokiona ni wenzako.

Mtu wa kwingine ataona nakuza mambo, maana upele ni upele. Lakini sisi tuliokuwa watoto Kagera miaka ile hatuitazami shingo ya mtu hivi hivi. Dada yangu mkubwa alianza na vipele shingoni. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alimwogesha kwa maji ya omubirizi, yale majani machungu, asubuhi na jioni, na majirani walikuwa wakija kumsalimia huku macho yao yako kwenye kola ya gauni lake. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Watu waliuita kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiingia kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba, mwaka uliofuata.

Basi niliogopa. Sisemi nilipata wasiwasi, niliogopa. Nilijifunga kitenge shingoni hata nikiwa jikoni. Nilimtazama mume wangu akila na nikawaza: ni wewe. Nilizikumbuka siku alizolala mjini Kayanga akifuatilia kahawa, kichwani mwangu nikampa mwanamke huko, nikampa huyo mwanamke na nyumba ya bati jipya. Usiku nikimgeuzia mgongo yeye hakuuliza kitu, na kule kutouliza kwake nikakufanya ushahidi.

Siku nilipopata ujasiri sikwenda zahanati ya kwetu, ambako hata mfagiaji anajua ukoo wangu. Nilipanda bodaboda hadi upande wa Kyerwa, kwenye kituo cha afya ambako sina ndugu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, wa umri wa kuniamkia shikamoo, na aliniamkia. Alinifungua kitenge, akanitazama kisogo, kisha akaanza maswali. Navaa mkufu? Nimebadilisha sabuni? Napaka mafuta gani? Nani ananisuka?

"Wifi yangu. Akimaliza ananipitishia wembe hapo nyuma pawe safi."

Akacheka kidogo. "Mama, nywele zikibanwa hivyo mizizi inaumia. Halafu ukizinyoa kwa wembe zinajikunja, zinaota kwa ndani ya ngozi. Mafuta nayo yanaziba vinyweleo. Wengine wanatokewa kwa sababu ya mkufu wa bei rahisi, wengine kwa jasho linalokaa chini ya nguo kama hii. Kitenge hiki usikirudishe shingoni."

"Nipime hata hivyo," nikamwambia.

Akanipima. Sikuwa na kitu. Nililia juu ya bodaboda njia nzima hadi dereva akadhani nimefiwa, akapunguza mwendo kwa heshima.

Mume wangu nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye turubai. Nilisimama mbele yake, shingo wazi.

"Nimetoka kupima."

Huku kwetu mtu akisema amepima, hakuna anayeuliza amepima nini. Akaacha kugeuza. "Umekutwaje?"

"Sina. Ni wembe wa dada yako."

Alikaa chini pale pale, ukingoni mwa turubai, akajifuta uso kwa kiganja. Nilidhani ni jasho. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na mimi nilipima. Kabla ya Kwaresima. Dada aliniambia ameviona, nikaenda."

"Ukakutwaje?"

"Sina."

Nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja hivi. Halafu nikaanza kuelewa. Tangu Kwaresima hadi mavuno ya kahawa ni miezi mitano. Miezi yote hiyo alijua yeye hana.

"Kwa hiyo ulijua wewe ni mzima, ukaamini mimi ninao," nikasema. "Ulidhani nimeutoa wapi?"

Kuku mmoja alipanda kwenye kahawa na hakuna aliyemfukuza.

"Sikutaka kujua, mama watoto. Nilisema tu moyoni kwamba nitakuuguza."

Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kukaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamhukumu ndani ya wiki tatu, na bila mtu kuniambia lolote juu yake. Nilitaka kumshukuru nikashindwa. Miezi mitano mtu huyu alikuwa analala kando yangu, amekwisha kunisamehe kosa ambalo sikulifanya.