Udongo wa Kitovu cha Yohana

Nilipokuwa mtoto tuliishi Makindye, Kampala, katika nyumba ya vigae ambayo haikuwa yetu. Aliyeijenga alikuwa Mhindi, akafukuzwa nchini, akaenda Ulaya. Baada yake akaingia ofisa wa jeshi, naye akakimbia vita. Vita vilipokwisha, baba, askari polisi kutoka kaskazini, aliambiwa na wakubwa wake akae humo na familia.

Humo ndimo alimozaliwa mdogo wangu Yohana. Kitovu chake kilipoanguka, bibi, mama yake baba, alikifunga katika kitambaa na kukataa kukizika uani. Alisema kitovu hakizikwi katika udongo ambao mwenye nao hajautoa, na hadi kizikwe mtoto hatatulia. Kweli Yohana hakutulia. Alilia, alikataa ziwa, akakonda hata tukaogopa kumbeba.

"Mama, tumemwombea kanisani," mama alimwambia bibi.

"Endelea kuomba. Mimi nangoja mwenye udongo."

"Si yuko Ulaya!"

"Ulaya ni mbinguni? Atarudi."

Wahindi waliporuhusiwa kurudi, asubuhi moja mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema nyumba ni yake. Mama alikaa chini pale pale. Baba akaenda kuvaa sare, kana kwamba sare ingetusaidia. Bibi ndiye aliyetoka, Yohana mgongoni.

"Karibu, mzee. Nyumba yako, sisi tunajua. Lakini kwanza iko kazi ya mtoto."

Akamfungulia kitambaa, akamweleza. Kiswahili chao kilifanana, cha kujifunzia sokoni.

"Mama," mzee akasema, "mimi nakuja kuchukua nyumba, wewe unanipa jembe?"

"Jembe iko nyuma ya jiko."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akavua koti, akatupeleka chini ya dirisha la jikoni.

"Hapa mama yangu alipanda mchicha. Udongo yake mzuri."

Alichimba mwenyewe. Bibi akaweka kitovu, mzee akafukia kwa mikono yake, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Likizo ya shule ilipofika tulihamia kambi ya polisi. Yohana alikuwa ameanza kunyonya na kunenepa. Mama alisema ni maombi, na bibi hakubishana.

Mwaka jana nilimzika Yohana kwetu kaskazini, akiwa mtu mzima. Niliporudi Kampala nilipita Makindye. Mzee alikwisha kuiuza ile nyumba, walionunua nao wakaiuza, na sasa pamesimama ghorofa.

Sijui kama udongo huponya mtoto. Uhai ni wa Mungu, huutoa na kuuchukua. Lakini nikiwafikiria wote waliokaa pale, mmoja alinyang'anywa, mwingine alijitwalia, sisi tuliambiwa tuingie. Ndugu yangu peke yake ndiye aliyepewa. Alipewa mahali padogo kama kiganja, na mtu ambaye angeweza kukataa. Ninapomwombea usiku, kwa hilo nalo namshukuru Mungu.