Kabati la Mama Mkwe

Kinyozi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alishanyoa walevi, askari, na jirani mmoja mwenye chafya zisizo na taarifa. Lakini ufa wa chumbani kwa mama mkwe ulimtoa jasho. Ulianzia juu ya dirisha, ukateremka hadi usawa wa mto wa kitanda, na kila lori lilipopita ulikohoa vumbi kwenye shuka la mama wa watu.

Dawa ilikuwa mkopo wa ukarabati, nyumba yenyewe iwekwe rehani. Benki mbili zilileta wathamini. Wote wawili waliutazama ufa, wakaaga kwa sauti ya chini kama watu watokao msibani.

"Hii si dhamana, mzee," alisema wa pili. "Hiki ni kifusi chenye mlango."

Basi mthamini wa benki ya tatu alipobisha hodi, kinyozi alikuwa ameshasukuma kabati la nguo likauziba ufa wote, na mama mkwe kaketi mbele ya kabati kama mlinzi wa ikulu.

Mthamini, binti mwenye kurunzi na futi kamba, aligonga kuta, akachungulia dari.

"Nyumba imara kabisa, baba," binti akasema.

Kinyozi akashusha pumzi.

"Sasa mnataka kukarabati nini?"

Kinyozi akatazama huku na huku.

"Rangi," akasema.

"Rangi haiwekewi nyumba rehani, baba." Binti akaanza kukunja futi kamba yake.

Lori likapita. Nyuma ya kabati kitu kikalia: ta!

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema, "wewe unaogopa kunyimwa. Mimi naogopa kuzikwa kabla sijafa. Sogeza hilo kabati."

Akasogeza. Ufa uliokuwa ukimeza kidole jana, sasa ulimeza mkono mzima. Binti akamulika ndani, akarudi nyuma.

"Rudisha kabati, baba."

"Tumenyimwa?"

"Rudisha kwanza! Ndilo linaloshikilia ukuta."

Kinyozi akalirudisha, akaliegemea kwa mgongo, macho kafumba. "Na mkopo?"

"Nitaandika nilichokiona. Wakikubali, wakikataa, sijui. Ila humu asilale mtu."

Mama mkwe alikuwa ameshabeba godoro, yuko mlangoni, anaelekea chumba cha kinyozi na mkewe.

"Andika na hili, binti yangu: kuanzia leo tunalala watatu."

Hapo kinyozi akafumbua macho. Hofu hii mpya haikuwa na benki ya kuikopea dawa.